Mausi ya Kumshikisha Beno

Katindiuka, Ifakara
2 Septemba 2024

Mwanangu Faustin,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima na hewa ya Masagati inakupenda. Sisi tunaendelea. Careen amerefuka mpaka sketi ya shule imekuwa aibu, na kuku wako mwekundu, yule uliyesema ni mchawi, ametotoa vifaranga kumi na mmoja. Habari za mpunga usiniulize. Maji yaliupitia wote, na kilichobaki tumegawana na ndege.

Simu yako haipatikani tangu Juni. Fidel wa bodaboda ananiambia uliiuza. Kijana aliyekuwa fundi wa kompyuta mjini anakwenda kufundisha kwa kujitolea kusiko na umeme, halafu anauza na simu! Haya. Nimerudi kwenye kalamu. Barua hii itapanda basi la Mlimba, na kutoka hapo Fidel atakuletea.

Sasa jambo lenyewe. Mzee Hermenegildi wa ukoo wetu alikuja Jumapili baada ya misa. Amesema mwezi wa tano huu tangu maji yamchukue mdogo wako Beno, pikipiki imeonekana na yeye hajaonekana, na hatuwezi kukaa na matanga yasiyoanuliwa. Unajua desturi ya nyumba yetu. Mto ukimchukua mtu usimrudishe, tunazika kitu ambacho mkono wake ulikizoea. Babu yangu tulimzikia kafi lake la mtumbwi. Beno, jembe alilishika kwa kulazimishwa. Kitu alichokishika kutwa ni ile mausi ya kompyuta, akicheza magemu yake. Nimeitafuta chumbani haipo. Nadhani alikuwa nayo mfukoni.

Kwa hiyo inabidi ninunue nyingine, na wewe ndiye utakayenichagulia. Nataka ya gemu hasa, siyo hizi za ofisini. Ikae vizuri mkononi, iwe ngumu, na iwe na waya. Ataishika muda mrefu.

Kuna na hili la pili. Kitu hicho kinashushwa na watu wawili: aliyemuaga marehemu na aliyekuwa akimngojea. Bila hao wawili mzee hafukii. Ameniuliza nani alimuaga, nikamwambia nilikuwa jikoni nasonga ugali, nilisikia pikipiki tu. Akauliza alikuwa anakwenda kwa nani. Nikasema hatujui. Kama wewe unajua, niandikie.

Shimo limeshachimbwa, karibu na kaburi la bibi yenu. Tumelifunika kwa bati.

Mama yako mdogo,
Yosefina

—

Masagati
20 Septemba 2024

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Milele amina. Barua yako imenifikia ikiwa na vumbi na harufu ya dagaa, maana Fidel hubeba vyote kwenye mfuko mmoja. Mimi ni mzima. Nina watoto tisini na wanne darasa la tatu, madawati ishirini, na mwalimu mkuu aliyenipa chumba kidogo pembeni mwa stoo ya shule. Mahindi hapa yamekubali. Wazazi wa watoto wananiletea ndizi na kunishangaa.

Kuhusu simu nisamehe. Niliiona haina kazi.

Kuhusu mausi, Careen aende madukani mwenyewe, asitume mtu, na asiangalie taa. Siku hizi zinawaka rangi zote kama duka la harusi, na taa hazimsaidii mtu kitu. Aishike. Beno alikuwa analaza kiganja chote juu yake, hakushika kwa ncha za vidole kama mimi, kwa hiyo mgongo wake uwe wa mviringo na ujae mkononi. Ubavuni pawe na mpira wa kukwaruzakwaruza kidogo ili isiteleze kwa jasho. Kisha abofye vitufe viwili vya mbele mara nyingi bila haya, hata muuzaji akikasirika. Mlio uwe mkavu na mmoja. Waya achague uliovishwa uzi wa kusukwa, aupinde kuujaribu pale unapoingia kwenye mausi, kwa sababu hapo ndipo zote zinapofia.

Naomba pia urefu wa kiganja, kutoka mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Mkono wake naujua, lakini sitaki kubahatisha. Na kwa nini lazima iwe na waya? Zile za bila waya ni nzuri vilevile.

Kuhusu alikokuwa anakwenda, mama, sijui. Siku ile mji mzima ulikuwa unakimbizana na maji.

Msalimie Careen.

Mwanao,
Faustin

—

Katindiuka
14 Oktoba 2024

Mwanangu Faustin,

Tumsifu Yesu Kristo. Tunashukuru Mungu tumeamka. Vifaranga wamebaki saba, mwewe amefanya yake. Careen alikuwa na malaria, sasa anakula mpaka naogopa.

Kiganja nimekipima. Unakumbuka tulipomwaga saruji ya kizingiti, Beno akaweka mkono wake kabla haijakauka, nikamfukuza na mwiko? Upo. Careen alipiga magoti na rula yake ya shule. Sentimita kumi na tisa na nusu. Tangu siku hiyo Careen hakanyagi kizingiti, anakiruka. Mimi nakanyaga, nitafanyaje, mlango ni mmoja. Ila naweka mguu pembeni.

Waya ni kwa sababu mbili. Ya kwanza, ile isiyo na waya inataka betri. Nani atambadilishia betri? Ya pili, wale watu wawili wataishushaje? Mmoja atashika mausi, mwingine atashika waya, hivyo hivyo tulivyofanya na kafi la babu, lilifungwa kamba. Fundi mzima unaniuliza swali la mteja.

Tulinunua moja. Careen aliichomeka kwenye kompyuta ya Beno tuione kama inafanya kazi, maana siwezi kumpa mtoto kitu kibovu. Faustin, hatukuigusa. Mshale ulijiondokea wenyewe katikati ya kioo, ukaenda polepole mpaka kwenye kona ya kushoto, kwenye picha ya gemu lake, ukasimama pale. Careen alitoka mbio. Mimi nilikaa. Nilimwita kwa jina, mara mbili, na sioni haya kukuambia.

Baadaye niliishika ile mausi nikaona ni nyepesi kama ganda la yai. Nimeirudisha dukani.

Niambie ile yake mwenyewe ilikuwaje, tutafute inayofanana. Careen anakumbuka tu plasta iliyozungushiwa waya wake.

Mama yako mdogo,
Yosefina

—

Masagati
3 Novemba 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Poleni na malaria, na mwewe. Huku mvua za kwanza zimegusa, barabara imeanza kuwa tope, kwa hiyo barua zikichelewa usidhani nimenyamaza.

Mshale uliojisogeza ni meza. Meza ya Beno ina kioo juu, na mausi inasoma kwa mwanga, ikikuta kioo kinachong'aa inachanganyikiwa inajitembeza. Wekeni daftari chini yake itatulia. Sisemi hivyo kukunyang'anya kitu, mama. Nasema kwa sababu ndiyo kazi niliyokuwa naijua.

Mausi yake ilikuwa nyeusi, mgongo umepauka pale kiganja kinapokaa. Kitufe cha kushoto kilikuwa kimechoka, ukibofya mara moja kinahesabu mbili, tik-tik, na ndicho kilichokuwa kinamfanya afe hovyo kwenye gemu. Waya wake ulivishwa uzi wa kijivu, ulikatika karibu na shingo, sasa umeshonewa kwa uzi wa bluu. Gurudumu la juu lilikuwa na kijipengo. Nzito kiasi, kama embe dogo bichi.

Kama dukani kuna yenye mgongo wa kimo cha vidole vitatu vilivyolala, jaribuni hiyo.

Mimi nina shida ndogo ya kuchekesha. Watoto wakiwa kimya wanaandika, hasa saa nne asubuhi jua likipiga bati, nasikia mlio stoo. Mdogo tu, mara mbili mbili. Nimewauliza watoto, hawasikii. Mwalimu mkuu anasema ni mchwa kwenye boriti. Nami nasema ni mchwa.

Mwanao,
Faustin

—

Katindiuka
25 Novemba 2024

Mwanangu Faustin,

Tumsifu Yesu Kristo. Hapa joto, mbu, na Careen kafaulu vizuri isipokuwa hesabu, ambayo karithi kwangu.

Tuliweka daftari. Mshale ukatulia. Nilisikitika ulipotulia.

Mausi tumeipata. Ya pili ilikuwa kubwa mno, ingemchosha kidole kidogo. Hii ya tatu nimeilaza kwenye kiganja cha kizingitini, pale kwenye saruji, ikakaa kama imezaliwa pale. Muuzaji alitaka kunieleza habari za mwendo wa mshale nikamwambia aninyamazie, mimi nataka ya kudumu. Akasema itadumu miaka mitano ikitumiwa kutwa. Nikamuuliza je, ikishikwa tu bila kutumiwa? Aliitia kwenye mfuko akanipa na chenji.

Basi mausi ipo, watu wa kuishusha hawapo. Mzee Hermenegildi amesema mwaka usitimie shimo likiwa wazi. Mvua ya juzi ilipenya chini ya bati, nimekuta humo maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Sipendi kuyaona maji yakimfuata mpaka huku.

Njoo Krismasi. Nitachinja yule mchawi wako mwekundu.

Mama yako mdogo,
Yosefina

—

Masagati
12 Januari 2025

Mama mdogo,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Nisamehe sikuja. Kulikuwa na mtihani wa kusahihisha, halafu daraja la miti lilikwenda na maji, halafu nikaumwa tumbo. Najua ni sababu nyingi mno.

Nafurahi mausi imepatikana. Mlitumia vigezo vizuri. Mkiiweka, zungusheni waya kwa upole, msiukunje shingoni.

Labda mzee angekubali watu wengine wawili. Wewe ni mama yake, na Careen ni dada yake. Sidhani Mungu ataangalia hayo.

Mchwa bado wapo.

Faustin

—

Katindiuka
24 Januari 2025

Faustin,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima.

Nimezisoma tena barua zako zote, nimezipanga mezani kwa Beno. Mwezi wa kumi na moja uliniandikia kwamba waya umeshonewa uzi wa bluu. Umeandika "sasa".

Ilipotoka humu ndani ilikuwa imezungushiwa plasta. Beno hajui kushona hata kifungo. Na wewe ulikuwa unashona nyaya za wateja kwa uzi wa bluu, kwa sababu nilikununulia mimi boksi zima la nyuzi hizo mnadani.

Mama yako mdogo ndiye aliyekulea tangu dada yangu Stefania afariki, ukiwa darasa la pili na kamasi. Usinijibu kama mwalimu. Nijibu.

Yosefina

—

Masagati
16 Februari 2025

Mama,

Shikamoo.

Ninayo. Iko kwenye sanduku langu la bati, stoo, imefungwa ndani ya fulana. Siyo mchwa.

Beno aliniletea wiki moja kabla ya mafuriko niitengeneze. Niliiweka kwenye droo nikaisahau. Ile siku, saa tatu asubuhi, maji yalianza kuingia dukani kwangu. Nilikuwa peke yangu na kompyuta kumi na nne za watu sakafuni. Nilihitaji mtu wa kunisaidia kuzipandisha juu ya meza. Nilimjua mdogo wangu, ningemwambia njoo ubebe mizigo angeniuliza kwani mimi punda. Kwa hiyo nikamtumia ujumbe: "Mausi yako imepona, njoo uichukue leo, kesho nafunga."

Haikuwa imepona. Sikuwa nimeifungua hata skrubu moja.

Nilimngoja. Saa nne nikamlaani kwa uvivu wake. Kompyuta nilizipandisha mwenyewe, zote zikapona, na nilijisifu. Saa saba ndipo wakaja kunieleza kuhusu pikipiki.

Kwenye matanga nilikaa nyuma ya wanaume, simu ikiwa mfukoni na ule ujumbe ndani yake. Nilidhani nikiiuza utaondoka nayo. Mausi sikuweza kuiuza. Nilipofika huku niliitengeneza, kwa kisu cha kuchongea penseli na sindano, kwa sababu nilikuwa nimesema imepona. Waya nimeushona. Kitufe sijakiweza. Bado kinabofya mara mbili, mama, na hakuna umeme, na hakuna mkono juu yake, na mimi nakisikia.

Mliponiuliza nani alikuwa anamngojea, nilikuwa ni mimi. Nimekuchagulia mausi nyingine miezi mitano ili nisiseme.

Usinijibu kama huwezi.

Faustin

—

Katindiuka
9 Aprili 2025

Mwanangu Faustin,

Tumsifu Yesu Kristo. Careen ni mzima, mimi ni mzima, kuku mwekundu yupo bado, nimeshindwa kumchinja peke yangu.

Barua yako ilinifikia Jumatano ya Majivu. Niliisoma nimesimama, nikaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, nikaiacha humo mwezi mzima na zaidi. Sikudanganyi, siku tatu za mwanzo nilikuchukia. Nilitamani uwe wewe. Siku ya nne chuki ilinichosha, nikabaki na langu.

Langu ni hili. Nilimwambia mzee kwamba nilikuwa jikoni. Kweli nilikuwa jikoni, lakini Beno alikuwa amesimama mlangoni, pale pale penye kiganja chake, simu mkononi. Aliniambia, "Mama, kaka Faustin anasema mausi imepona, lakini maji yamejaa. Nitaenda kesho." Unasikia? Alisema kesho. Ujumbe wako ulimfikia na haukumtoa.

Mimi ndiye niliyemtoa. Wiki nzima alikuwa ananung'unika humu ndani, hana mausi, hana kazi, anafungua sufuria anafunika. Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia, "Hebu nenda kachukue hiyo mausi yako unipumzishe. Maji yenyewe hayafiki hata magotini." Sikugeuka kumtazama. Nilikuwa nasonga ugali. Akasema, "Haya mama, naenda." Huko ndiko kumuaga kwangu.

Kwa hiyo nilijua tangu mwanzo kwamba mausi iko kwako, na kwamba alikuwa anakwenda kwako. Nilikuwa nangoja useme, na nilikuwa naogopa useme, kwa sababu ukishasema alikuwa anakuja kwako, mtu wa pili anayeulizwa ni mimi. Mausi zile mbili nilizozirudisha dukani hazikuwa na kosa lolote. Sikutaka tumalize kuchagua.

Jana nilimwambia mzee Hermenegildi. Alivua miwani akaifuta. Kisha aliniuliza, "Huyo Faustin anafika lini?" Basi. Hakuuliza lingine.

Pasaka ni tarehe ishirini. Mwaka unatimia siku tano baada yake. Njoo Jumatatu ya Pasaka. Ile mausi mpya itabaki mezani, Careen ataitumia akimaliza kuiogopa. Tunayozika ni ile yake. Usimpe Fidel, usiitume kwa basi, na usijisumbue na kile kitufe, kiache kibofye kinavyotaka. Ibebe mkononi mwako mpaka mlangoni kwangu. Shimo lina maji, tutayachota pamoja kwa ndoo, hayazidi magoti, na safari hii nimeingia kuyapima mwenyewe.

Mimi nitashika mausi, wewe utashika waya. Nikikuambia achia, usiachie kwanza. Subiri niseme mara ya pili.

Mama yako mdogo,
Yosefina